Ruthu Katika Shamba la Ugenini

Somo: Ruthu 1:22 hadi 2:23
Soma pia: Walawi 19:9-10, Waefeso 6:5-9



Kila mwaka tunaita vijana mbele ya madhabahu na kuombea pasipoti zao. Wengi wamemaliza chuo juzi tu, na wamepata nafasi ya kufanya kazi ng'ambo wakati wa msimu wa joto wa huko, Juni hadi Septemba hivi. Mmoja anaenda shamba la matunda, mwingine hoteli, mwingine kampuni inayofanana na kozi aliyosomea. Tunaombea viza, viza inatoka, kina mama wanapiga vigelegele, ndege inapaa. Halafu tunanyamaza. Lakini vita vyenyewe vinaanza ndege ikishatua. Ndiyo maana wiki hii tunasoma Ruthu.

Mara nyingi tukihubiri Ruthu tunakimbilia ndoa, na dada zetu wanaombewa wapate Boazi. Lakini kabla ya harusi kulikuwa na kibarua. Ruthu alikuwa mgeni kutoka Moabu aliyefika Bethlehemu mavuno ya shayiri yakianza (1:22), akafanya kazi mpaka shayiri na ngano zikaisha (2:23). Huo ni msimu wa kutoka Pasaka hadi Pentekoste, kama majuma saba hivi. Mpaka leo Wayahudi husoma kitabu hiki wakati wa sikukuu hiyo. Kwa hivyo sisi tunaojiita Wapentekoste tuna sababu ya kumsikiliza huyu mfanyakazi wa msimu. Tuangalie mambo matano aliyofanya.

1. Aliuliza kabla ya kuingia (2:2, 2:7)

Ruthu alimwomba Naomi ruhusa, kisha akamwomba msimamizi wa wavunaji. Na alienda akitegemea sheria iliyokuwapo, kwa maana Walawi 19 ilikuwa imempa mgeni haki ya kuokota masazo.

Kijana, ujue ni sheria gani inakupeleka. Kwa mfano Marekani, mpango wa kazi ya msimu wa joto kwa viza ya J-1 ni wa aliye bado mwanafunzi wa chuo, na hauzidi miezi minne. Kama umeshamaliza, kuna nafasi ya mafunzo ya kazi, lakini uwe umemaliza si zaidi ya miezi 12 iliyopita. Kote kuwili lazima shirika lililoidhinishwa likupe fomu ya DS-2019. Ajenti akikwambia hiyo fomu si lazima, shika njia urudi nyumbani. Hapa Kenya, ajenti wa kazi za nje lazima asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile watu wanaita NEA. Angalia jina lake huko kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Tumeona ya kutosha. Mwaka wa 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret kwa sababu ya pesa walizolipa ili watoto waende Finland na Canada. Na tangu 2022 Wakenya, wengi wao wasomi, wameokolewa Myanmar baada ya kuahidiwa kazi nzuri Thailand. Ndugu zangu, kuombea karatasi ya uongo hakuifanyi iwe ya kweli. Mungu alitupa macho ya kusoma mkataba.

2. Alikubali kuanza chini (2:7)

Msimamizi alitoa ripoti kwamba huyu mwanamke amekuwa kazini tangu asubuhi, na amepumzika kidogo tu. Ndiyo sifa yake ya kwanza katika nchi ile.

Sisi wa Kisii na Nyamira tunaelewa jambo hili kwa sababu ya majani chai. Mtu akija kuchuma mara ya kwanza, hata awe na digrii, ataonyeshwa majani mawili na kichipukizi. Akichuma majani makubwa, kituoni yatakataliwa. Vivyo hivyo digrii yako itakufikisha mlangoni, lakini wiki ya kwanza utafundishwa jinsi ya kufagia na jinsi ya kuandika saa ulizofanya kazi. Usiudhike.

Kuna jambo moja linawaumiza vijana wetu. Hapa nyumbani mkubwa akisema, unainamisha macho na kusema ndiyo. Hiyo ni heshima. Huko, ukisema ndiyo na hukuelewa, unaweza kukatwa na mashine. Msimamizi wako anataka umwangalie usoni na useme, "Sijaelewa, nionyeshe tena." Pengine atakwambia umwite kwa jina lake la kwanza, hata kama ana umri wa baba yako. Usidhani amekudharau au wewe umemkosea.

Na saa mbili ni saa mbili. Hakuna "niko hapa karibu, nimefika stage."

3. Alikaa karibu na watu wema (2:8-9, 2:14, 2:22)

Boazi alimwambia asiende shamba lingine, afuatane na wasichana wake, na akiona kiu anywe maji ya vyombo vya wafanyakazi. Aliwaonya vijana wa kiume wasimguse. Naomi naye alisema ni vizuri abaki hapo, asije akadhuriwa kwingine. Biblia haifichi: shambani kulikuwa na hatari kwa msichana mgeni.

Kwa hivyo kaa na pasipoti yako mwenyewe. Mwajiri hana ruhusa ya kukunyang'anya. Ujue namba ya dharura: Marekani ni 911, nchi nyingi za Ulaya ni 112. Uwe na namba ya ubalozi wa Kenya wa nchi hiyo. Mtu akikushika vibaya kazini, usinyamaze ukidhani ni msalaba wako. Sema, na sema mapema.

Halafu kuna upweke. Wiki ya kwanza kila kitu ni picha za kutuma WhatsApp. Wiki ya tatu unaanza kutamani obokima na chinsaga, na unalia usiku bila kujua kwa nini. Jua la Juni kule Minnesota linazama saa tatu usiku, kwa hivyo hata usingizi unakataa. Utasema, "Nitafuata ibada ya nyumbani kwa simu." Piga hesabu: wakati huo Minnesota iko nyuma yetu kwa saa nane. Ibada yetu ya saa nne asubuhi ni saa nane ya usiku kwao, na kesho yake uko kazini. Tafuta kanisa huko huko, Jumapili ya kwanza, kabla hujazoea kulala. Upande wa Minnesota watu wetu ni wengi, hasa Brooklyn Park, na ni baraka. Lakini Ruthu alikula pia na wavunaji wa Bethlehemu (2:14). Usijifungie na Wakisii peke yao. Kula na wale unaofanya kazi nao.

4. Alipima alichookota (2:14, 2:17-18)

Jioni Ruthu alipura, akapata kama efa moja ya shayiri, karibu debe la kwetu. Alijua kipimo. Sasa na sisi tupime kwa mfano.

Tuseme kijana analipwa dola 15 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Hiyo ni dola 600. Dola ikiwa shilingi 130, nyumbani watu wanasikia 78,000 kila wiki, na simu zinaanza. Lakini ondoa kodi ya serikali 70, nyumba 130, chakula 90, usafiri 30, simu na vitu vidogo 20. Zinabaki 260. Kwa wiki 12 ni dola 3,120, yaani shilingi 405,600. Kama tiketi, bima, viza na ada ya shirika vilikula 350,000, mavuno yake halisi ni 55,600. Na mshahara wa kwanza haulipwi siku ya kwanza. Beba pesa za kukuweka wiki tatu.

Mzazi, soma hesabu hiyo mara mbili. Kama ulichukua mkopo wa SACCO au ulitumia bonasi ya majani ukitarajia kujenga nyumba ya mawe kufikia Desemba, utamvunja mtoto mgongo. Faida kubwa ya miezi mitatu ni ujuzi, barua ya mwajiri na jina zuri. Angalia mstari wa 14 na wa 18: Ruthu alikula akashiba kwanza, kisha kilichobaki akamletea Naomi. Hakulala njaa ili apeleke gunia. Mwacheni mtoto ale.

5. Alijua msimu una mwisho (2:23)

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Siku za viza zinakwisha, deni bado liko, na rafiki ananong'ona, "Potea tu, kuna kazi." Wakati mwingine anayenong'ona ni mzazi. Ukipotea, unaishi ukiogopa kila gari la polisi, mwajiri anakulipa anavyotaka kwa sababu anajua huwezi kushtaki, na unaweza kuzikwa kwa mzazi wako usiwepo. Sheria ya Marekani inaweza kukufungia mlango miaka mitatu au hata kumi, kulingana na muda uliokaa.

Mtu ataniuliza, "Pastor, mbona Ruthu hakurudi Moabu?" Swali zuri. Soma sura ya nne. Jambo lake lilipelekwa langoni, mbele ya wazee kumi, mchana kweupe. Alibaki kwa njia ya lango. Wewe pia, kama Mungu anakufungulia kubaki, pitia langoni: omba chuo, omba kibali kingine, fuata utaratibu. Baraka ya Bwana haihitaji kujificha.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kijana wetu akisafiri, nani atampigia simu wiki ya tatu bila kumwomba pesa?
2. Wazazi, je, mmemwambia mtoto wazi kwamba anaweza kurudi mikono mitupu na bado ni mtoto wenu?
3. Ni wageni gani wanafanya kibarua katika mashamba yetu hapa? Je, tunawatendea kama Boazi?

Maombi

Baba, wafunike watoto wetu chini ya mbawa zako katika mashamba ya ugenini. Wape msimamizi mwema, rafiki wa kweli na kanisa la karibu. Utuponye sisi tuliobaki na tamaa ya kuwatuma wabebe mizigo isiyo yao. Katika jina la Yesu. Amina.