Afriti Ndani ya Simu: Tuyapimeje Majina ya Michezo?



Mama mmoja alitusimamisha baada ya Misa. Katika simu ya mwanawe wa miaka 15, iliyonunuliwa Darajani, amekuta mchezo wenye kiumbe wa moto aitwaye Ifrit. Mchezaji akibonyeza, kiumbe huitwa, naye huja kumpigania. Mama aliufuta mchezo na kumkataza kijana kupokea Komunyo. Je, alifanya sawa? Tujiulize maswali matatu.

1. Jina limetoka wapi?
Katika Mwanzo 2:19-20 Mungu anamletea mtu wanyama ili awape majina. Jina si jambo dogo, basi tulichunguze kabla ya kuliogopa. Ifrit ni neno la Kiarabu, ndilo letu afriti. Jirani zetu Waislamu hulisoma katika Kurani 27:39, ambapo afriti anajitolea kumletea Suleimani kiti cha enzi cha malkia. Mfululizo wa Final Fantasy, ulioanza Japani mwaka 1987, umeliazima. Humo yumo pia Leviathan, tunayemjua kutoka Ayubu 41.

2. Jina limegeuka kuwa nini?
Daraja lililounganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo halipo tena. Maji yalifukiwa, jina Darajani likabaki. Majina ya michezo nayo huhama hivyo. Bahamut, samaki aliyebeba dunia katika masimulizi ya Waarabu, mchezoni ni joka. Shiva, mungu wa kiume wa Wahindu, amekuwa mwanamke wa barafu. Lakini tuwe na adabu: wapo jirani zetu wanaomwabudu Shiva hadi leo.

Majina mengine hubuniwa tu. Tolkien, Mkatoliki aliyefundisha Oxford, alitunga lugha nzima za watu wasiokuwepo. Aliamini kwamba binadamu hutunga kwa sababu ameumbwa kwa mfano wa Muumba.

3. Moyo unamwita nani?
Katekisimu, namba 2116, inakataza kumkimbilia Shetani au mapepo. Kijana anayebonyeza kitufe hamwombi afriti chochote, kama vile mtoto anayesikiliza hadithi ya jini haliabudu jini hilo. Akianza kuamini kwamba jina lile litamlinda, au akatafuta hirizi, hapo amevuka mpaka. Na akiacha Misa ya Dominika kwa ajili ya mchezo, kuna kosa hata kama wahusika wote wana majina ya malaika.

Tulimshauri mama aketi na mwanawe, amwulize maswali haya, na asimzuie tena Komunyo kwa sababu ya jina. Dhamiri ya kijana ikimsumbua, amwone padre kwa Kitubio. Mchezo wenyewe waamue pamoja.

Kwa tafakari
- Ni jina gani tunaloliogopa bila kulijua?
- Tukiwa hatarini, jina la kwanza kinywani mwetu ni la nani?