Unauza maua ya kwenye vyungu? Joto la Januari lisikule mtaji

Januari moja nilipeleka vyungu sita vya petunia kwa mteja wa Sinza. Vilikuwa vimechanua balaa, picha yake tu ikaniletea oda tatu siku ileile. Siku ya tisa akanitumia picha nyingine: majani yamelala, shina jeusi kwa chini. Nikarudisha hela. Ndugu zangu mnaouza maua Instagram na WhatsApp, kosa lilikuwa langu.

Petunia inapenda ubaridi. Lushoto au Arusha inakwenda vizuri, ila Dar wakati wa kaskazi inateseka. Kipindi hiki uza bogenvilia, vinka (ile ya petali tano, nyeupe au ya pinki), portulaka, na adeniamu yenye shina nene lililovimba chini. Hizo jua ndiyo chakula chake.

Haya, chungu. Vyungu vingi vya urembo havina tundu, na ndivyo wateja wanavyovipenda! Maji yanatuama, mizizi inaoza. Toboa, au panda kwenye kopo la plastiki lenye matundu kisha ulitumbukize ndani ya chungu cha urembo. Na ile tabia ya kuweka kokoto chini tuiache. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, yanasimama juu yake, hivyo tope linakuwa karibu zaidi na mizizi. Mimi nilizoea kuweka kokoto nikijiona fundi.

Udongo wa uani peke yake unagandamana. Mimi nachanganya sehemu mbili za udongo mweusi, moja ya samadi iliyooza vizuri, moja ya mchanga wa mto. Adeniamu naipa mchanga nusu kwa nusu. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na mchanga wa baharini una chumvi, usiuguse.

Kwenye maji ndiko wateja wengi wanaua mmea. Waambie wachomeke kidole kwenye udongo: kikitoka kikavu, mwagilia asubuhi mpaka maji yatokee chini, kikitoka na unyevu, acha. Mmea unaweza kulegea saa saba mchana huku udongo umelowa, hilo ni joto tu, jioni unasimama. Mteja akiona hivyo anaongeza maji, kesho anakulaumu wewe.

“Bogenvilia yangu haitoi maua” utaisikia sana. Muulize iko wapi. Mara nyingi iko kivulini, inamwagiliwa kila siku, na imewekewa urea, ambayo inaleta majani matupu. Itolewe juani, udongo ukauke kidogo kati ya maji na maji. Halafu rangi ile siyo ua, ni majani. Ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati. Ndiyo maana rangi inakaa wiki kadhaa. Andika hilo kwenye kapsheni, linauza.

Kabla ya kutuma oda, mche uliohamishwa ukae kwako wiki mbili, tena uuzoeshe jua kidogo kidogo. Mwagilia jioni ya kuamkia safari, asubuhi usiongeze, maana chungu kikiwa kizito na tope boda atakimwaga njiani. Weka kwenye boksi, jaza magazeti pembeni. Na kabla hujapokea hela, uliza kibaraza chake kinapata jua saa ngapi mpaka saa ngapi. Kama hakipati kabisa, usimuuzie bogenvilia hata akiing'ang'ania.

Bei sasa. Tuseme chungu 4,000, udongo na samadi 1,000, mche 1,500. Jumla 6,500, kwa vyungu kumi ni 65,000. Ndani ya zile wiki mbili miwili ikafa. Usigawe kwa kumi, gawa kwa minane iliyobaki: 8,125 kila mmoja. Hapo hujaweka maji, boda wala faida yako.