Kuchagua Mtambo wa Ramani kwa Mashua Ndogo

Nahodha yeyote aliyemo baharini hulazimika kujibu maswali mawili: chombo changu kiko wapi, na chini yake na mbele yake pana nini? Kwa karne nyingi swali la kwanza lilikuwa gumu mno. Siku hizi limekuwa jepesi. Simu ya mkononi inayouzwa Kariakoo yaweza kumwonyesha mwanafunzi wa Buguruni mahali alipo kwa kosa la mita chache tu. Swali la pili, hata hivyo, halijapata wepesi huo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtu anayenunua mtambo wa ramani kwa ajili ya mashua yake hununua majibu mawili yenye usahihi tofauti kabisa, na kwamba asiyeitambua tofauti hiyo aweza kupanda mwamba mchana kweupe huku akiutazama mtambo wenyewe.

Mtambo wa ramani, ambao watu wengi huuita GPS tu, ni vitu vitatu vilivyofungwa katika sanduku moja. Cha kwanza ni kipokezi cha mawimbi ya setilaiti. Cha pili ni ramani ya bahari iliyohifadhiwa kwa njia ya kielektroniki, aghalabu katika kadi ndogo inayochomekwa. Cha tatu ni kioo kinachoichora mashua juu ya ramani hiyo. Hatuna budi kuvichunguza kimoja kimoja kabla ya kwenda dukani.

KIPOKEZI

Mfumo wa GPS ni mali ya serikali ya Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ulitangazwa kukamilika mwaka 1995. Setilaiti hizo huizunguka dunia zikiwa juu yapata kilomita 20,200, na kila moja hutangaza wakati wake na mahali ilipo. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo ishara ya setilaiti iliyo utosini hutufikia baada ya:

20,200 ÷ 300,000 = sekunde 0.067 hivi.

Kipokezi hupima muda huo na kuuzidisha kwa kasi ya mawimbi ili kupata umbali. Hapa mwanafunzi atauliza: ikiwa mahali hutambulishwa kwa vipimo vitatu, yaani latitudo, longitudo na kimo, kwa nini kipokezi huhitaji setilaiti nne wala si tatu? Jibu limo katika saa. Setilaiti hubeba saa za atomi, ilhali kipokezi kina saa ya bei nafuu. Saa hiyo ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali utakosewa kwa mita 300. Kosa la saa, basi, ni kitu cha nne kisichojulikana, nasi twajua kutokana na aljebra kwamba visivyojulikana vinne huhitaji milinganyo minne.

Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa ishara walizopewa raia, na kosa liliweza kufikia mita 100. Utaratibu huo ulikomeshwa. Leo kipokezi cha kawaida, kikiwa mahali penye anga wazi kama baharini, hukosea kwa mita 5 hivi. Isitoshe, vipokezi vingi vya sasa husikia pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China. Kwa sababu hiyo kipokezi si jambo la kumhangaisha sana mnunuzi: takriban vyote vinatosha.

RAMANI

Hali ya ramani ni nyingine. Ramani ya bahari haiwezi kuwa sahihi kuliko upimaji uliozaa ramani hiyo. Pwani yetu ilianza kupimwa kwa utaratibu na Waingereza katika miaka ya 1820, chini ya Kapteni William Owen. Katika miaka ya 1870 meli ya upimaji Shearwater ilifanya kazi hiyo tena katika sehemu za Unguja na mwambao. Wapimaji wa zama hizo walitumia bildi, yaani kamba yenye risasi nzito mwishoni, na kina kiliandikwa kwa pima. Pima moja ya Kiingereza ni futi 6, sawa na mita 1.83.

Yafaa tufikiri kidogo juu ya bildi. Risasi hugusa nukta moja tu ya sakafu ya bahari. Ikitupwa hapa, kisha mita 200 mbele, ramani itaonyesha tarakimu mbili na katikati yake nafasi tupu. Mwamba wa matumbawe wenye upana wa mita 10 waweza kusimama katika nafasi hiyo bila ya mtu kuujua. Ramani hiyo ikitiwa katika kompyuta na kupakwa rangi za kupendeza, mwamba hautajitokeza. Kubadilisha karatasi kuwa kadi si kupima bahari upya.

Wataalamu wa upimaji wa bahari wanalitambua jambo hili. Ndiyo maana ramani rasmi za kielektroniki hugawa bahari katika madaraja ya kutegemeka:

Daraja A1: kosa la mahali mita 5; kosa la kina mita 0.5 na asilimia 1 ya kina.
Daraja A2: mahali mita 20, kina mita 1 na asilimia 2.
Daraja B: mahali mita 50, kina mita 1 na asilimia 2.
Daraja C: mahali mita 500, kina mita 2 na asilimia 5.
Daraja D: hafifu kuliko C.
Daraja U: halijakadiriwa.

Linganisha sasa. Kipokezi hukosea kwa mita 5. Mwamba uliochorwa katika eneo la daraja C waweza kuwa mita 500 kutoka pale ulipochorwa. Mashua inajulikana mahali pake mara mia moja zaidi ya mwamba unaoikabili.

Hebu tuchukue mfano wa kina. Kina kinachoandikwa katika ramani hupimwa kutoka usawa wa chini kabisa wa maji kupwa, kwa hiyo huongezwa kimo cha maji cha saa ile. Tuseme ramani inaonyesha mita 0.5, na jedwali la maji kujaa na kupwa linatupa mita 1.8. Jumla ni mita 2.3. Mashua yetu huzama majini mita 0.8.

Ikiwa eneo ni la daraja B, kosa ni 1 + (0.02 × 0.5) = mita 1.01. Maji hayatapungua 2.3 − 1.01 = mita 1.29. Bahari ikiwa shwari tutapita.

Ikiwa eneo ni la daraja C, kosa ni 2 + (0.05 × 0.5) = mita 2.025. Maji yaweza kuwa mita 0.275 tu. Tutakwama.

Tarakimu iliyoonekana katika kioo ni ile ile, 0.5, katika hali zote mbili. Kinachotenganisha usalama na hatari ni daraja ambalo nahodha wengi hawalitazami. Aidha, ramani nyingi zinazouzwa kwa ajili ya mashua za matembezi si ramani rasmi, na si zote zinazoonyesha madaraja hayo.

MSINGI WA UPIMAJI

Kosa jingine hutokana na msingi wa upimaji. Latitudo na longitudo huhesabiwa juu ya umbo la dunia lililokubaliwa, na maumbo hayo si mamoja. GPS hutumia msingi uitwao WGS 84. Ramani za nchi kavu za Tanzania za skeli ya 1:50,000, ambazo shule nyingi zinazifahamu, zilitumia msingi uitwao Arc 1960. Mtu akichukua tarakimu za GPS na kuzitia katika ramani hiyo bila ya kuzigeuza, atajikuta amehama zaidi ya mita 200. Katika bandari yenye mlango mwembamba kama ya Dar es Salaam, mita 200 zatosha kuihamishia mashua nchi kavu. Mnunuzi na ahakikishe kwamba mtambo wake na ramani yake vimewekwa katika msingi mmoja.

KIOO NA SKELI

Ramani za kielektroniki ni za aina mbili. Aina ya rasta ni picha ya ramani ya karatasi. Ukiikuza, maandishi nayo hukua. Aina ya vekta ni orodha ya vitu: boya, mwamba, mstari wa kina, mnara wa taa. Kompyuta huchora vitu hivyo upya kila skeli inapobadilishwa, na ili kioo kisijae, huficha baadhi yake.

Ufichaji huo uliwahi kuleta hasara kubwa katika Bahari ya Hindi hii yetu. Tarehe 29 Novemba 2014 mashua ya mashindano iitwayo Team Vestas Wind, ikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, ilipanda usiku miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Mauritius. Mabaharia wake walikuwa mahodari na mitambo yao ilikuwa mizima. Lakini njia ilipangwa kwa kutazama ramani ya vekta katika skeli ndogo, na katika skeli hiyo visiwa na miamba havikuonekana kwa hatari yake. Wote 9 waliokolewa. Chombo kiliharibika vibaya.

Sisi tunayo mfano wetu wa karibu. Fungu Kizimkazi, ambalo ramani nyingi huliita Latham, ni kisiwa kidogo kilicho baharini mashariki ya Dar es Salaam, na wavuvi wa matembezi hukiendea. Urefu wake hauzidi mita mia chache, na kimo chake ni mita 3 hivi juu ya maji. Umbali wa kukiona, kwa maili za bahari, hupatikana kwa kanuni hii:

2.08 × (√kimo cha jicho + √kimo cha kisiwa).

Jicho likiwa mita 2 juu ya maji, jibu ni 2.08 × (1.41 + 1.73) = maili 6.5 hivi, tena mchana na katika hewa safi. Usiku hakionekani kabisa. Kwa hiyo kanuni ni moja: njia ikishapangwa, ifuatwe yote kwa kidole, kioo kikiwa kimekuzwa kikamilifu, kabla ya kung'oa nanga.

NAMNA YA KUCHAGUA

Kutokana na maelezo hayo, utaratibu wa ununuzi unajipanga wenyewe.

1. Anza na ramani, si na sanduku. Uliza kadi inafunika maji gani, ilitolewa mwaka gani, na masahihisho yake hupatikanaje. Kadi ya mtengenezaji mmoja aghalabu haisomeki katika mtambo wa mwingine. Muuzaji awashe mtambo, nawe ukuze mahali unapopafahamu: Bongoyo, Mbudya, Fungu Yasini. Kama fungu unalolijua kwa macho halimo, usitumaini kwamba usiyoyajua yamo.

2. Chagua mtambo wenye kipima-kina cha sauti. Sauti husafiri majini mita 1,500 hivi kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.02, kina ni (1,500 × 0.02) ÷ 2 = mita 15. Kifaa hiki ndicho bildi ya leo, nacho ni shahidi wa pili: kikitofautiana na ramani, sadiki kile kinachotaja maji machache zaidi.

3. Kitazame kioo juani, nje ya duka. Vidole vilivyolowa huvitatiza vioo vya kugusa. Vitufe vina faida yake.

4. Tafuta alama IPX7, maana yake kifaa chaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30 bila ya kuingiza maji.

5. Hesabu umeme. Mtambo wa wati 12 katika betri ya volti 12 hutumia ampea 1. Betri ya ampea-saa 60, ikitumika nusu tu ili isiharibike, itauendesha kwa saa 30 ikiwa haina mzigo mwingine.

6. Usiache vya akiba: dira, ramani ya karatasi, na redio ya VHF yenye idhaa 16 ya dharura. Simu pia hufaa. Kipokezi chake hufanya kazi pasipo mtandao wa simu, mradi ramani imepakuliwa mapema.

ZOEZI LA DARASANI

Jaribio hili halihitaji mashua. Katika uwanja wa shule ya Buguruni simu itaonyesha karibu latitudo 6°50' kusini na longitudo 39°15' mashariki.

(a) Wanafunzi waandike tarakimu za mahali pamoja kila dakika kwa dakika 20, kisha wazichore katika karatasi ya mraba. Dakika moja ya latitudo ni mita 1,852. Je, nukta zimetawanyika mita ngapi? Jaribio lirudiwe kando ya ukuta mrefu na matokeo yalinganishwe.

(b) Mwanafunzi mmoja ameandika 6°50.30', yaani dakika na sehemu za kumi na mia. Mwenzake akaisoma 6°50'30", yaani dakika na sekunde. Tofauti ni mita ngapi? (Jibu: sekunde 30 ni dakika 0.50, tofauti ni dakika 0.20, sawa na mita 370.)

(c) Ramani inaonyesha kina cha mita 2 katika eneo la daraja C. Tafuta kosa la kina. (Jibu: 2 + 0.1 = mita 2.1.) Eleza kwa nini tarakimu hiyo haimhakikishii nahodha hata kuwapo kwa maji wakati wa maji kupwa kabisa.

Darasa likilijibu vema swali la mwisho, litakuwa limeelewa jambo ambalo bei ya mtambo haiwezi kulibadilisha: kipimo kilichoandikwa bila kosa lake ni nusu tu ya habari.