Si Mchawi, ni Bati

Wadogo zangu, mmoja wenu wa Mbagala ameniandikia kwamba tangu joto lianze anaota usiku kucha, na asubuhi anakumbuka kila kitu, mpaka rangi ya gauni alilovaa shangazi yake marehemu. Jirani ameshamwambia anachezewa, akatafute mtu wa kumwangalia. Mdogo wangu, kabla hujatoa hela yako, inua macho uangalie paa.

Umesema mwenyewe: bati tupu bila dari, kuta za tofali za saruji, dirisha moja. Jua la kutwa limejaa humo, na saa nne usiku ukuta bado unalirudisha. Mwili nao, ili ulale vizuri, lazima upoe kidogo, kama nyuzi moja hivi, na joto huutoka zaidi kupitia viganja na nyayo. Ndiyo maana mguu unajitoa wenyewe nje ya shuka. Februari pwani hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mtu. Basi unasinzia, unashtuka, unageuza mto, unasinzia tena.

Hapo ndipo ndoto zako zinapotokea. Sote tunaota kila usiku. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kila mzunguko una kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikieleza mwaka 1953. Ndoto nyingi kali huwa humo, na kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo kipindi hicho kinavyorefuka. Ukikipita umelala, ndoto inayeyuka. Ukiamshwa katikati, unaamka nayo ikiwa mbichi. Joto halikuongezei ndoto hata kidogo, tena hupunguza kipindi hicho, maana mwili ukiwa humo hauwezi kujipoza sawasawa. Linachofanya ni kukuamsha. Hata kule kukabwa na jinamizi, macho yameona chumba na mwili umegoma kusogea, huwapata zaidi watu ambao usingizi wao unakatikakatika.

Fanya hivi. Oga maji ya uvuguvugu saa moja kabla ya kulala. Ya baridi kali huifunga ngozi na joto linabaki ndani. Feni iwe upande wa miguuni. Umeme ukikatika, lowesha khanga, ikamue, ujifunike. Chandarua usikifunge juu kwa kisingizio cha joto. Mbu wa malaria hana msimu wa kukuhurumia.

Halafu yuko mwenzenu wa Makete, yeye analalamika kwamba haoti kabisa. Mama, Julai huko usiku hushuka chini ya nyuzi 10, wewe umejikunja ndani ya mablanketi mawili umelala fofofo hadi uitwe. Unaota sana tu, ila hakuna kinachokuamsha ukiwa ndotoni. Ukitaka kuzikumbuka, ukifumbua macho usikurupuke wala usishike simu. Tulia ulivyolala, subiri. Miguu ikiwa baridi vaa soksi, usingizi utakuja upesi. Lakini hilo jiko la mkaa unaloliingiza chumbani, leo litoke! Hewa yake yenye sumu haina harufu, na chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi ndicho kinachoua. Walioondoka hivyo ni familia nzima nzima, mnazisikia kila mwaka.

Nirudi kwa wa Mbagala, maana kuna mstari mmoja kwenye barua yako ambao sikuupenda. Unasema jasho lilikulowesha mpaka godoro hata usiku ule wa mvua, watu wengine wamejifunika, na kwamba una kikohozi cha muda. Hilo siwezi kulitupia bati. Kikohozi kikifika wiki mbili, na jasho la hivyo, nenda kituo cha afya waangalie kifua kikuu na malaria. Vipimo vya kifua kikuu kwenye vituo vya serikali ni bure, na jirani asikucheleweshe.