KIBOFU CHA HEWA: KINACHOMFICHUA SAMAKI NA KINACHOMHATARISHA

Samaki aitwaye bass wa mdomo mpana, ambaye kwa muda mrefu amejulikana kwa jina la kisayansi la Micropterus salmoides, asili yake ni mito na maziwa ya Amerika ya Kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliletwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya. Nchini Marekani samaki huyu huvuliwa zaidi kwa mchezo kuliko kwa kitoweo: katika mashindano, mvuvi humnasa kwa ndoana, humpima uzito, kisha humrudisha majini akiwa hai. Mchezo huo umebadilika sana tangu mwaka 2018, kilipoingia madukani chombo cha LiveScope, ambacho ni aina ya sona inayoonyesha papo hapo mienendo ya samaki chini ya maji. Makala haya yanaeleza jinsi sona hiyo inavyofanya kazi, na kwa nini kibofu cha hewa cha samaki ndicho kinachomfichua kwa mvuvi, na ndicho pia kinachoweza kumwua baada ya kuachiliwa.

Sauti ndani ya maji

Mwaka 1826, katika Ziwa Geneva, Colladon na Sturm walipima kasi ya sauti majini. Kengele iliyozamishwa iligongwa wakati ule ule baruti ilipowashwa juu ya mashua. Mtu aliyekuwa mbali ziwani aliona mwako, kisha akahesabu sekunde hadi sauti ilipomfikia kwa njia ya maji. Walipata mita 1,435 kwa sekunde katika maji ya nyuzi 8 za Selsiasi. Katika maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yenye nyuzi 20, kasi hiyo ni kama mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi ya sauti hewani.

Sona hutumia kanuni hiyo. Fuwele maalumu, zikipewa umeme, hutetemeka na kutoa sauti; zikipigwa na sauti, hutoa umeme. Tabia hiyo iligunduliwa na ndugu wawili Pierre na Jacques Curie mwaka 1880, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin aliitumia kutafuta nyambizi. Chombo hupeleka mlio mfupi, husikiliza mwangwi wake, na kupima muda uliopita. Kwa kuwa sauti huenda na kurudi, umbali wa kitu ni nusu ya kasi ikizidishwa kwa muda. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.02, hesabu yake ni hii:

1,480 × 0.02 ÷ 2 = mita 14.8

Kwa nini samaki huonekana

Sauti hurudi pale inapokutana na kitu kilicho tofauti sana na maji. Tofauti hiyo hupimwa kwa kuzidisha msongamano wa kitu kwa kasi ya sauti ndani yake. Nyama ya samaki imejaa maji, hivyo sehemu kubwa ya sauti hupita ndani yake bila kurudi. Hewa ni kinyume kabisa: kipimo chake ni kidogo kuliko cha maji kwa zaidi ya mara 3,000. Kwa hiyo mpaka kati ya maji na hewa hurudisha zaidi ya asilimia 99 ya nguvu ya sauti inayoufikia.

Bass ana kibofu chenye gesi kinachomwezesha kuelea katika kina anachotaka bila kuchoka. Kibofu hicho ndicho hasa kinachorudisha mwangwi. Doa angavu ambalo mvuvi huliita samaki ni, kwa sehemu kubwa, picha ya gesi iliyo ndani ya samaki.

Picha inayotembea

Sona ya zamani ilitazama chini ya mashua tu, na ilionyesha yale yaliyokwisha kupitwa. Sona hai hutazama mbele. Ina fuwele nyingi ndogo zilizopangwa kwa safu, na kompyuta huzichelewesha kwa muda mfupi sana, moja baada ya nyingine, ili kuugeuza mwale wa sauti upande unaotakiwa bila kukizungusha chombo. Ili kutofautisha vitu vidogo hutumia mawimbi mafupi: mlio wa mitetemo 1,000,000 kwa sekunde una wimbi la urefu wa milimita 1.5 hivi. Hata hivyo, mawimbi mafupi humezwa upesi na maji, hivyo hayafiki mbali.

Mvuvi hana budi kuisoma picha hiyo kwa uangalifu. Mwale una upana. Ukiwa na upana wa nyuzi 20, basi kwa umbali wa mita 15 unafunika zaidi ya mita 5 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Chambo na samaki huweza kuonekana wamekaribiana, kumbe wametengana kwa mita kadhaa.

Chambo laini

Kumwona samaki si kumnasa. Bass huwinda kwa macho na kwa mstari wa ubavuni, ambao huhisi mitikisiko midogo ya maji. Ndiyo maana wavuvi hutumia chambo bandia cha plastiki laini chenye umbo la samaki mdogo au mnyoo. Nick Creme wa Akron, Ohio, alianza kutengeneza minyoo ya namna hiyo mwaka 1949. Chambo hufungwa kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi, nacho kichwa hicho husaidia chambo kuonekana kwenye sona.

Mvuvi hukitupa chambo mbele kidogo ya samaki, hukiacha kizame, kisha hukivuta polepole huku akikitikisa, akikiweka daima juu ya kichwa cha samaki. Bass hushambulia kwa urahisi kitu anachokiona juu yake dhidi ya mwanga. Chambo kikishuka chini yake, mara nyingi hukipuuza. Samaki akianza kukifuata, mvuvi hakisimamishi, kwa maana windo linalokimbia halisimami kumngoja adui.

Kanieneo na hatari yake

Kwa msaada wa sona hai, wavuvi huwafuata bass walio katika maji ya kina kirefu. Hapo ndipo tatizo huanza. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo ya takriban angahewa moja. Kwa hiyo samaki aliye katika kina cha mita 10 hubeba kanieneo ya angahewa mbili. Kwa kanuni ya Boyle, akipandishwa ghafla hadi juu, gesi ya kibofu chake hutaka kupanuka mara mbili.

Kibofu cha bass hakina mlango wa kutolea gesi kinywani. Gesi huondoka polepole kwa njia ya damu. Tumbo huvimba, viungo vya ndani hubanwa, na samaki aliyeachiliwa huelea ubavu, asiweze kuzama. Asiposaidiwa huweza kufa, ingawa aliyemvua amekwenda zake akiamini kwamba amemwokoa. Njia mojawapo ya kumsaidia ni kumfungia uzito na kumshusha tena katika kina chake. Bora zaidi ni kutovua katika kina kirefu samaki ambaye hakusudiwi kuliwa.

Waendeshaji wa mashindano nao wameanza kuweka mipaka. Katika mashindano ya Bass Pro Tour ya mwaka 2025, kila siku iligawanywa katika vipindi vitatu, na mvuvi aliruhusiwa kutumia sona hai katika kimoja tu. Chombo kinachoondoa maficho ya samaki humdai mtumiaji wake kiasi, kwa sababu samaki hawezi kuificha gesi anayoibeba.

Jaribio la darasani

Chukua bomba kubwa la sindano lisilo na sindano. Weka ndani yake puto dogo sana lenye hewa kidogo, lililofungwa vizuri. Ziba tundu kwa kidole, kisha vuta mchi. Puto litapanuka, kama kibofu cha samaki apandishwaye.

Maswali

1. Mwangwi umerudi baada ya sekunde 0.012. Samaki yuko umbali gani?
2. Samaki amepandishwa kutoka kina cha mita 15. Gesi yake ingepanuka mara ngapi kama haikuzuiwa?
3. Kwa nini samaki asiye na kibofu cha hewa huonekana hafifu kwenye sona?

Majibu: (1) mita 8.9 hivi, (2) mara 2.5, (3) nyama yake hurudisha sauti kidogo tu, kwa kuwa inakaribiana na maji.