Mkaratusi na Maji ya Jirani

Mwezi Januari, mahindi yakiwa yamevunwa na nyasi zimekauka, shamba la mikaratusi hapa Uasin Gishu hubaki kijani kibichi. Wengi hulisifu kwa hilo. Lakini ukijani huo una gharama, na mara nyingi anayeilipa ni jirani aliye chini ya mteremko, anayechota maji kwenye chemchemi.

Jani la mti lina vitundu vidogo sana. Kupitia vitundu hivyo mti huvuta hewa ya kaboni na kuigeuza kuwa chakula na mbao; kupitia vitundu hivyo hivyo, maji hutoka kama mvuke. Mti hauwezi kupata kaboni bila kupoteza maji. Msimu wa mvua hasara hiyo haionekani kwa kuwa udongo umeshiba. Kiangazi kikiingia, kati ya Desemba na Februari, mimea ya mizizi mifupi hunyauka au hupunguza kukua. Mkaratusi hukua polepole zaidi, ila mizizi yake mirefu huendelea kunyonya maji ya chini, yale yale yanayolisha vijito.

Haya si maneno ya vijijini tu. Mwaka 2005, utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulikusanya takwimu kutoka sehemu nyingi za dunia. Ulionyesha kwamba misitu ya kupandwa ilipunguza maji ya vijito kwa wastani wa asilimia 52, na asilimia 13 ya vijito vilikauka kabisa kwa angalau mwaka mmoja. Hapa Kenya, mwaka 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe karibu na mito na maeneo chepechepe.

Hata hivyo, mti huu umelipa karo za watoto wengi kupitia nguzo za umeme na kuni, na si haki kuulaumu kila mahali. Suala ni unapopandwa. Kwenye mwinuko, mbali na maji, unafaa. Kando ya Sosiani na vijito vyake, hapana: kanuni za mwaka 2006 ziliweka ulinzi wa ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto.

Aliyekwisha kuupanda kando ya kijito ajue kwamba kuukata hakutoshi, kwani kisiki huchipua. Machipukizi yaondolewe kila mara, kisha mianzi au miti ya kiasili ipandwe mvua zinapoanza.