Kufungwa mechi moja si kushuka daraja

Timu ya Mlandege ya hapa Zanzibar ikifungwa, kaa barazani uwasikilize watoto wa mtaa wanavyoeleza. "Beki wa kulia alipanda akasahau kurudi." "Kipindi cha pili walichoka." Hutamsikia hata mmoja akisema timu haijui mpira na haitojua maisha. Na timu hiyo hiyo ndiyo iliyoifunga Simba 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi, Januari 2024, ikabaki na kombe ililolitwaa mwaka uliotangulia.

Siku ya pili mmoja wa watoto hao hao anarudi skuli na hesabu za 22 kwa 100. Anatupa mkoba: "Mimi sijui kitu. Hesabu sitoziweza abadan." Timu kaitafutia sababu; nafsi yake kaihukumu kifungo cha maisha.

Tofauti hiyo ndiyo aliyoishughulikia miaka mingi mwanasaikolojia wa Marekani Martin Seligman, mmoja wa waasisi wa saikolojia chanya. Anayekata tamaa, anasema, huliona kosa kuwa ni la kudumu, limeenea kila mahali, na limo katika umbile lake. Anayeinuka huliona ni la leo, la jambo hili tu, na lina sababu inayotengenezeka. Ni mazoea ya kujieleza, na mazoea hufundishwa nyumbani.

Mtoto akirudi hivyo, kwanza nyamaza. Mpe maji, akae, alie akitaka kulia. Ukimwambia "mwanamme halii" utamfunga mdomo, uchungu utabaki pale pale.

Akishakula, mwite: "Mwanangu, lete karatasi tuitazame kama tunavyoitazama mechi." Lipi kapata? Lipi kakosa, na alikosea wapi? Mara nyingi utaona kosa lina jina lake. "Sijui hesabu" inageuka kuwa "sijui kujumlisha sehemu zenye asili tofauti", na hilo mtu hulifanyia kazi. Usimwambie ni hodari wa hesabu wakati karatasi anaiona. Mtoto anaujua uongo wa mapenzi, na siku utakayomsifu kweli hatokuamini. Sifu alichokitenda: "Hili ulilifuta mara mbili ukalirudia, na ukalipata."

Kisha mkatie kazi vipande vidogo. Njia hii tunayo kwenye chuo cha Kurani tangu zamani: mwalimu hamwanzishi mtoto na Suratul Baqara. Huanza na herufi, akaja kwenye sura fupi za Juzuu Amma, na kila anayoihifadhi inampa moyo wa inayofuata. Hesabu tatu kila baada ya magharibi zinatosha.

Wazazi wenye maduka mna nafasi ambayo wengine hawana. Mwache akunje vitambaa, apokee pesa, arudishe chenji. Akikosea, msahihishe mteja akishaondoka, na kesho mrudishe pale pale. Ukimnyang'anya kazi kwa kosa moja, umemthibitishia lile analojihofia.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni mtu. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Katika wale waliokulia kwenye shida nyingi, kiasi cha thuluthi moja walitoka watu wazima wazuri, wenye kujiamini na kujali wenzao. Jambo moja lililowasaidia ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewashika na hakuwaachia, na si lazima awe mzazi. Kwetu mara nyingi ni bibi, au mjomba, au jirani wa mlango wa pili. Ikiwa unafunga duka usiku na kumkuta mtoto kalala, mjue mtu huyo ni nani, muulize mtoto anamwambia nini asichokwambia wewe, na usiwakatishe mazungumzo yao.

Lakini ustahamilivu usiwe kisingizio cha kumwacha mtoto aumie. Anayepigwa, anayeonewa au anayeguswa vibaya hahitaji kufundishwa kuvumilia. Anahitaji mtu mzima aingilie kati leo. Na akikaa wiki mbili hali vizuri, halali, hachezi na wenzake, mpeleke hospitali. Akizungumzia kufa, mpeleke siku hiyo hiyo. Kwa mtoto aliyedhalilishwa, kituo cha Mkono kwa Mkono kipo Hospitali ya Mnazi Mmoja, na simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haina malipo.